Kigingi na Moyo

Katika nyumba moja ya Usoke, mwendo mfupi kutoka stesheni ya reli iendayo Kigoma, palikuwa na piano kuukuu ambayo mwenyewe, mwalimu mzee wa Kanisa la Moravian aliyekwisha kupumzika kazi, aliipenda kama mtu ampendavyo jamaa mkongwe mwenye hasira za karibu: alizijua kasoro zake zote, na mgeni alipozitaja alikuwa wa kwanza kuzitetea. Kila mwaka, kiangazi kilipofika ukingoni, miyombo ilipokwisha kupukutisha majani na milango ya nyumba ikalia kwa ukavu, sauti za piano ile zilishuka moja moja, kila moja kwa kiasi chake, mpaka wimbo tuliouzoea ukawa kama umati wa watu wasemao jambo moja kwa lugha kumi. Sisi watoto tulicheka. Mwalimu hakucheka. Alituma mtu kumwita fundi seremala wa jirani, mzee wa Kinyamwezi, Mwislamu wa tangu ujana wake, ambaye umri wote aliutumia kuranda milango na vitanda vya mninga, na ambaye hakupata kujifunza muziki hata siku moja, lakini mbao alizijua kama mchungaji ajuavyo ng'ombe wake.

"Mwadila, Mwalimu," alisema mlangoni, na Mwalimu akamjibu vivyo hivyo, wakaulizana habari za nyumbani, za mvua iliyochelewa na za mizinga ya nyuki iliyotundikwa porini, pasina haraka yoyote, kana kwamba kinanda hakikuwapo. Kazi yangu mimi ilikuwa kushika taa. Fundi alipoinua kifuniko na kuondoa ubao wa mbele, niliona kwa mara ya kwanza kitu ambacho mpaka leo hakijanitoka akilini: safu juu ya safu ya vigingi vya chuma, zaidi ya mia mbili, vichwa vyake vya pembe nne viking'aa mbele ya taa, na kila kimoja kimezungushiwa waya mara tatu kwa unadhifu wa mtu afungaye kilemba.

"Babu," nilimwuliza, "vimegandishwa kwa gundi gani?"

"Gundi ya nini, mjukuu wangu?" alijibu, wala hakugeuka kunitazama. "Ukikigandisha leo, mwakani utakigeuza na nini?"

Jibu lile nililiona dogo siku ile. Nimelirejea mara nyingi tangu hapo, kwa kuwa ndani yake mna suala ambalo wanachuoni wa dini, wa Kiislamu na wa Kikristo, wamelipima karne baada ya karne: uthabiti wa mja ni nini? Je, mtu thabiti ni yule asiyegeuka kamwe, aliye leo kama alivyokuwa jana na atakavyokuwa siku ya kuzikwa kwake, au ni yule awezaye kugeuka, na ambaye juu ya uwezo huo hushika? Sisi wasemaji wa Kiswahili tumekwisha kutoa hukumu katika mazungumzo yetu ya kila siku. Fulani ni jabali, tunasema, ana msimamo. Fulani mwingine ni kigeugeu, bendera ifuatayo upepo. Nadhani hukumu hiyo imepitishwa kabla ya kusikilizwa shahidi mmoja aliyekaa barazani akingoja, na shahidi huyo ni kigingi.

Kigingi cha piano ni kitu kidogo. Unene wake ni kama milimita 7, na urefu wake hupata milimita 60 au zaidi kidogo. Sehemu yake ya chini imechorwa michirizi myembamba ya mzunguko, hata mtu asiyejua hudhani kwamba ni parafujo. Lakini sivyo, kwa sababu hakiingizwi ubaoni kwa kuzungushwa, bali hupigwa nyundo. Tundu lake limetobolewa jembamba kuliko chenyewe kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukipima, katika ubao mnene uliofanywa, katika piano za zama za karibu, kwa tabaka za mbao ngumu zilizolazwa moja juu ya nyingine, nyuzi za tabaka hii zikikatana na nyuzi za tabaka ile, ili chuma kikumbatiwe kutoka pande zote. Hakuna nati, hakuna kabari, hakuna gundi. Kinachokizuia kigingi kisirudi nyuma ni msuguano wa mti na chuma, wala hapana kitu kingine. Na mti wenyewe haushiki kwa nguvu uliyozaliwa nayo, bali hushika kwa sababu umelazimishwa kupokea kitu kinene kuliko nafasi uliyokuwa nayo.

Na mzigo si haba. Waya mmoja, kwa wastani, huvuta kwa nguvu ya kilo 70 au 80. Wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakipita katika nchi hii kutoka Tabora kwenda Ujiji, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, walibeba aghalabu frasila mbili kila mmoja, yaani kilo 30 na ushei. Kila kigingi, basi, kinabeba mzigo wa wapagazi wawili na zaidi, usiku na mchana, pasipo kutua chini ya mti wala kungoja maji. Ukizijumlisha waya zote za piano moja utapata tani 15 hadi 20, ambazo ni mzigo wa msafara wa watu mia tano au zaidi, umewekwa ndani ya sanduku moja sebuleni, na juu yake pameanikwa kitambaa cha kufuma na picha ya arusi.

Sasa tazama jinsi kazi ya kitu hiki kidogo ilivyo ngumu. Kikishikwa mno na ubao, fundi atiapo ufunguo kichwani mwake na kukigeuza hakisogei, hakisogei tena, kisha huruka kwa ghafula na kupita mahali palipotakiwa, na waya ambao ungalitoa sauti ya haki hutoa ukelele. Kikishikwa kidogo mno, hukubali kila mkono, na mkono uondokapo hurudi polepole kule kulikolegea. Kigingi chema ni kile kinachokubali kugeuzwa na kukataa kurudi. Fadhila hizi mbili, ambazo akili zetu huzitenganisha na kuziita moja ukaidi na nyingine udhaifu, katika kigingi ni fadhila moja. Ukiipunguza moja umeiharibu ya pili.

Mafundi wa kale hawakuridhika na jambo hili, na mtu akisoma historia ya kinanda ataona kwamba wengi wao walikitafuta kigingi kilicho bora kama vile wengine walivyoitafuta dawa ya uzee. Bartolomeo Cristofori wa Florence, aliyeibuni piano yenyewe karibu na mwaka 1700, alifanya katika piano zake za mwaka 1722 na 1726, zilizosalia mpaka zama zetu, jambo la ajabu: alivipitisha vigingi ubao mzima, vichwa vikabaki juu kwa ajili ya ufunguo, na waya zikafungwa upande wa chini, hata nyundo ndogo ipandapo kutoka chini na kuupiga waya, huusukuma kwa pigo lilelile kwenye kiti chake badala ya kuunyanyua kutoka humo. Baadaye, katika karne ya 19, kiwanda cha Wegman cha Auburn katika jimbo la New York kiliuondoa ubao wa mti kabisa na kutia vigingi ndani ya matundu ya chuma kitupu, yaliyofanywa kwa namna ambayo mvuto wa waya wenyewe hukibana kigingi kwenye ukingo wa tundu lake: mzigo ndio uliofanywa kuwa mshikaji. Na Mason & Hamlin wa Boston, katika miaka ya 1880, walitupilia mbali hata kigingi, wakaufunga kila waya kwenye kulabu ya parafujo yenye nati, ili mtu akizungusha nati waya ukazwe kidogo kidogo kama mtu anayehesabu tasbihi, usiweze kurudi hata kwa unywele.

Kila mmoja wa hao ana mfano wake miongoni mwa wanadamu. Wako watu ambao mapigo ya dunia huwakalisha vyema zaidi pahala pao, kama waya za Cristofori. Wako walioshikwa na taabu zao wenyewe: muda wote wa dhiki ni wanyofu na wenye ibada, na siku waya ukatikapo, dhiki ikaondoka, huonekana kwamba tundu lilikuwa pana na hapakuwa na kitu kingine kilichowashika. Na wako watu wa parafujo, ambao kila tendo lao lina nati yake na kila nati ina hesabu yake. Hao ni wenye kuaminika, japo ni wazito. Lakini katika mafundi wote hawa, hata wale walioupenda uthabiti kupita kiasi, hata wale waliouacha mti na kukimbilia chuma, hapana mmoja aliyetengeneza kigingi kisichogeuka. Kufanya hivyo kungekuwa rahisi kuliko yote. Fundi chuma yeyote angeweza kuuchomelea waya mahali pake kwa asubuhi moja. Hawakufanya, kwa sababu walijua kwamba siku ya pili wangekuwa na sanduku zuri la samani.

Watu wa pwani walijua jambo hili kwa njia nyingine. Husimuliwa Unguja kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala kutoka mwaka 1870 hata 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kupiga kanuni, na kwamba taarab ya visiwani ikaanzia hapo. Na mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho muziki wake umedumu zaidi ya karne moja. Kanuni ni chombo cha nyuzi sabini na kitu, tatu tatu kwa kila sauti, na ukingoni mwake mna vigingi kama meno ya papa; mpigaji hakai kitako bila ya ufunguo wake karibu, na kabla ya nyimbo kuanza, watu wakiwa wamekwisha kutia udi na asumini, hukaa na kuvigeuza kimoja kimoja, na hakuna anayeona haya wala anayesema kwamba chombo hiki ni cha uongo kwa kuwa jana kilikazwa na leo kinakazwa tena. Jina lake ndilo linalostahili kutazamwa. Kanuni ni chombo hicho, na kanuni ni sheria, ni mwongozo, ni kipimo kinyoofu ambacho vitu vingine hupimwa kwacho. Waarabu walilipokea neno hilo kutoka kwa Wayunani, na katika kulipokea waliliweka juu ya vitu vyote viwili. Kitu kiitwacho sheria, basi, ndicho kinachotengenezwa upya kila usiku.

Na katika Misri hiyohiyo, mjini Kairo, karibu karne moja kabla ya Barghash, aliishi mtu ambaye kisa chake kinaturudisha Usoke kwa njia ya kanisa lake. John Antes alizaliwa Pennsylvania mwaka 1740, akalelewa katika jamaa ya Wamoravian, akajifunza kuunda fidla na kutengeneza saa, akafika Misri mwaka 1770. Huko, katikati ya upweke na maradhi, alitunga muziki wa fidla ambao nakala ya baadhi yake alimpelekea Benjamin Franklin mwaka 1779. Katika mwaka huo alikamatwa na watu wa mkubwa mmoja aliyetaka fedha, akapigwa fimbo za nyayo hata asiweze kutembea, wala hakutoa alichodaiwa. Mtu wa namna hiyo tungetazamia awe jabali. Lakini mwaka 1806, akiwa mzee katika Uingereza, tunamkuta ameandika katika gazeti la muziki la Leipzig juu ya jambo dogo la unyenyekevu: namna iliyo bora ya kutengeneza vigingi vya fidla, ili vigeuke kwa ulaini na kushika kwa nguvu. Sisemi kwamba alikuwa akijieleza mwenyewe. Nasema tu kwamba mtu aliyejua kwa nyayo zake mwenyewe maana ya kushika, hakudharau elimu ya kugeuka. Kanisa lake ndilo lililofika Urambo, jirani ya Usoke, mwaka 1898, na ndilo lililomlea yule mwalimu mwenye piano.

Hapa msomaji mwenye busara atanizuia, na ana haki. Atasema: umemfungulia mlango mnafiki. Kila aliyevunja ahadi, kila aliyebadili dini kwa ajili ya kazi, kila aliyemwacha rafiki katika siku ya hukumu, atakuja na kigingi chako mkononi na kusema kwamba yeye amegeuka tu, na kwamba kugeuka ni fadhila. Jawabu la pingamizi hii nalo nalichukua kwa fundi yuleyule, katika usiku uleule.

Alikuwa amefika kwenye kigingi kimoja cha upande wa kushoto, akakikaza kwa ufunguo, Mwalimu akabonyeza kibao, sauti ikawa njema. Kisha tukakaa kimya, na katika kimya hicho, Mwalimu alipobonyeza tena, sauti ilikuwa imeshuka. Fundi akakaza mara ya pili, ikashuka mara ya pili. Hakukasirika. Akakigeuza upande wa kulegeza mpaka kikatoka, kikabaki mkononi mwake, akakiinua mbele ya taa yangu, akakipangusa kwa kidole gumba, kisha akakata kipande cha msasa chembamba kama ukucha wa mtoto, akakikunja ndani ya tundu, upande mkwaruzo ukielekea mti, akakirudisha kigingi kwa nyundo, pigo moja, mawili, matatu, mepesi mwanzoni na mazito mwishoni. "Hiki," aliniambia, "hakikugeuka kwa ufunguo. Kiligeuzwa na waya."

Tofauti yote imo katika maneno hayo. Kigingi kizima hugeuka na kigingi kibovu hugeuka, na mtu akivitazama vichwa vyao kwa mbali hawezi kuvitofautisha; lakini kizima hugeuzwa na mkono uliokijia kutoka nje kwa kusudi, mkono unaosikiliza, na kibovu hugeuzwa na mzigo wake mwenyewe. Na kuna alama ya pili iliyo wazi zaidi, ambayo nimeiona ikifaa katika kujihesabu nafsi kuliko vitabu vingi: waya haukivuti kigingi upande wa kukaza hata siku moja. Huvuta daima upande wa kulegea. Mtu, basi, na aketi peke yake jioni, azikumbuke rai zake zote alizopata kuzibadili tangu ujana, juu ya dini yake, juu ya fedha, juu ya watu aliowaahidi, na ajiulize: katika hizo, ni ngapi zilizoniongezea mzigo, na ni ngapi zilizonipunguzia? Ikiwa kila alipogeuka alijikuta amepumzika zaidi, asiseme kwamba amekua kwa hekima. Tundu lake limepanuka. Lakini ikiwa mara nyingine kugeuka kwake kulimgharimu usingizi, au cheo, au rafiki, anaweza kutumaini kwamba kulikuwa na ufunguo.

Ufunguo huo ni nini, kila dini hutaja kwa lugha yake: wahyi, dhamiri, nasaha ya mzee, kilio cha aliyedhulumiwa. Sitaki kuamua hapa. Natazama tu kwamba vitabu vya dini zetu mbili, vinapomtafuta mtu wa kuaminiwa, havimchagui asiyegeuka. Katika Sura ya Ahzabu imeelezwa kwamba amana ilitolewa kwa mbingu na ardhi na milima, vikakataa kuibeba na vikaiogopa, na mwanadamu akaibeba. Milima ndiyo mfano wetu wa uthabiti. Ndiyo tuliyoitumia kuwasifu watu. Nayo milima ndiyo iliyojua kwamba amana haiwezi kubebwa na kitu kisichogeuka. Aliyeibeba ni yule mwenye kalbi, na wanachuoni wa Kiarabu huonyesha kwamba jina hilo la moyo lina shina moja na kitenzi cha kugeuza. Na katika Injili, mvuvi aliyepewa jina la mwamba ndiye aliyemkana bwana wake mara tatu kabla ya jogoo kuwika, akatoka nje akalia kwa uchungu. Lau mwamba ungalikuwa na maana ya jiwe, jina lile lingekuwa dhihaka. Halikuwa dhihaka, kwa sababu mtu yule alirudi, na alipewa kazi yake baada ya kurudi.

Neno la kurudi linanipeleka kwenye siri ya mwisho ya kazi hii, ambayo fundi wetu wa Usoke hakufundishwa na mtu bali aliigundua kwa mkono. Kigingi, japo ni cha chuma, hujipinda kidogo ndani ya ubao kinapogeuzwa: kichwa hutangulia na mguu hubaki nyuma. Fundi akikiacha hapo, sauti ni ya haki kwa dakika chache, kisha mguu hukivuta kichwa na sauti hupotea. Kwa hiyo fundi hodari hakomi mahali pa haki. Hupita kidogo, kwa kiasi cha pumzi moja, kisha hukiachia kirudi kwa ulaini mpaka kichwa na mguu vipatane, na hapo ndipo kigingi hutulia. Waislamu huita kurejea toba, na asili ya neno hilo ni kurejea. Na mara nyingi tumefundishwa kuiona kama aibu ya aliyekosea njia. Katika kigingi kurejea ni sehemu ya kukaza. Waya ambao haukupitishwa na kurejeshwa haujakazwa, umewekwa tu.

Na mtu asije akasema: mimi nimekwisha kufika mahali pa haki, sina haja ya ufunguo tena. Ikhwani wa Safaa wa kwanza, wale wanafalsafa wa Basra wa karne ya 10 ambao jina lao ni hilohilo la chama cha Unguja, waliandika katika risala yao ya muziki kwamba nyuzi nne za udi zifanywe kwa hariri, wa kwanza nyuzinyuzi 64, wa pili 48, wa tatu 36, wa nne 27, kila mmoja ukiuzidi mwenziwe kwa uwiano wa 4 kwa 3. Na uwiano huo ni safi, na sikio huujua usafi wake. Walakini ukipanda ngazi ya sauti kwa hatua hiyo safi mara 12, ukitazamia kufika katika sauti ileile uliyoanzia, oktava tano juu, hufiki: panatakiwa mara 32 ya ile ya kwanza, nawe umepata mara 31 na nusu na kidogo. Usafi wa kila hatua hauleti usafi wa safari nzima. Ndiyo sababu afanyaye piano hupanua kila hatua kwa kiasi kidogo sana, kwa makusudi, ili zote zikae pamoja. Na mwenye kujivunia kwamba hatua yake moja ni safi kamili, huenda ndiye anayeifanya ngazi nzima isifike.

Njia ya misafara iliyopita katika nchi hii imekwisha kufunikwa na reli na mashamba ya tumbaku, lakini wazee wetu walitusimulia jinsi mpagazi alivyojua kazi yake. Mgeni wa kazi alijulikana kwa kuwa alibeba mzigo juu ya bega lilelile tangu asubuhi, kwa ushujaa mkubwa, na jua la adhuhuri lilimkuta ameutupa. Mzoefu aliuhamisha, kutoka bega la kuume kwenda la kushoto na kurudi, mara nyingi hata wenzake hawakuona, na aliufikisha.

Usiku ule fundi alimaliza nilipokuwa nimesinzia mara mbili na taa kuyumba mkononi. Mwalimu alipiga wimbo mmoja mfupi, polepole, akisikiliza zaidi kuliko kupiga, na palikuwapo sauti moja ya juu iliyobaki na kasoro, nao wote wawili waliisikia na hakuna aliyeitaja. Fundi alifunika ubao, akafuta vumbi la msasa kwa kiganja, akakusanya vyombo vyake ndani ya kikapu.

"Mwakani tena, Mwalimu," alisema, "inshallah."

"Mungu akipenda," Mwalimu alijibu, akamsindikiza mpaka njiani.